Kueleza spishi mpya ya amfipodi wa pwani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mwaka, hasa msimu wa tasnifu unapokaribia: "Nimepata kidudu kwenye mwani, simwoni kwenye vitabu. Je, ni spishi mpya? Nianzie wapi?" Mwongozo huu ni jibu kwako unayefanya kazi kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, na mikononi una krasteshia (jamii ya kaa na kamba) mdogo wa eneo la kupwa na kujaa.

Mfano nitakaoufuata ni wa amfipodi, wale wenye mwili uliobanwa ubavuni wanaorukaruka ukifunua mwani uliotupwa ufukweni, pamoja na ndugu zao waishio ndani ya mwani hai na chini ya mawe. Wengi ni wa milimita chache tu. Ukiwa na isopodi au tanaidi, krasteshia wengine wadogo, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni viungo vya kutazama.

Jambo moja lishike mapema. Spishi haiwi mpya kwa sababu wewe hujaiona kitabuni. Inakuwa mpya pale unapoweza kuonyesha, kiungo kwa kiungo, inavyotofautiana na kila ndugu wa karibu aliyekwisha kupewa jina. Amfipodi wenye majina duniani wamepita 10,000. Kuokota ni kazi ya saa chache. Kulinganisha kunaweza kuchukua mwaka.

Kabla ya kuanza

Vibali kwanza. Tanzania Bara kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI. Zanzibar ina utaratibu wake, uulizie kwenye taasisi yako. Ukiingia hifadhi ya bahari unahitaji pia ruhusa ya wasimamizi wake. Kama kielelezo chochote kitavuka mpaka, hata mguu mmoja kwa ajili ya DNA, shughulikia mapema mkataba wa uhamishaji sampuli, kwa kuwa Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, inatumika tangu Oktoba 2014 na majarida mengi sasa huuliza namba ya kibali. Kisha nenda kwa sheha au kamati ya wavuvi. Ukichukua mwani kwenye kamba za wakulima, waombe wenyewe. Wengi wao ni akina mama ambao kila fundo la kamba lina thamani kwao.

Vifaa vya pwani:
- ndoo mbili, chekecheo la tundu za nusu milimita, chupa za plastiki zenye mfuniko unaobana
- etanoli ya 96%, mafuta ya karafuu, maji baridi ya kawaida
- penseli, karatasi ngumu isiyolegea majini, kipimajira, yaani GPS (hata ya simu)
- viatu vya kufunika vidole

Vifaa vya mezani:
- hadubini ya kuchambulia na hadubini ya kawaida yenye ukuzaji wa hadi mara 400
- vibano viwili vyenye ncha kali na sindano nyembamba mbili zilizochomekwa kwenye vijiti
- gliserini, slaidi, vioo vya kufunikia, rangi ya kucha
- slaidi ya kipimio, na kamera lusida (kifaa cha kuchorea kinachofungwa kwenye hadubini) kama chuo chako kinayo

Usitumie chandarua badala ya chekecheo. Tundu zake huzidi milimita moja, na amfipodi wengi watapita. Utabaki na wakubwa tu na kudhani ndio wote waliokuwepo.

Hatua

1. Chagua maji. Nenda wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji mafu hayafunui sehemu ya chini ya pwani, ambako ndiko wengi wanakoishi. Tazama jedwali la maji, fika saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa, na uanze kurudi mara yanapogeuka. Jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa; usipolirudisha, viumbe wa upande wa chini hufa kwa jua.

2. Kusanya kwa makazi. Kila aina ya mwani, kila jiwe, kila fungu la nyasi bahari liwe na mfuko wake. Usichanganye. Mezani utataka kujua amfipodi huyu anaishi kwenye nini, na jibu hilo halipatikani tena baadaye. Tumbukiza mwani kwenye ndoo ya maji baridi kwa dakika chache na utikise. Maji yasiyo na chumvi huwashtua, nao huachia. Pitisha maji kwenye chekecheo, rudia mara mbili.

3. Walaze kabla ya kuwahifadhi. Amfipodi akitumbukizwa hai kwenye etanoli hujikunja kama ngumi, na papasio na miguu huvunjika. Changanya mafuta ya karafuu na etanoli kidogo kwanza, maana peke yake hayachanganyiki na maji, kisha dondoshea matone machache kwenye maji ya bahari waliyomo. Wakitulia, wahamishe.

4. Hifadhi kwa njia mbili. Sehemu moja weka kwenye etanoli ya 96% kwa ajili ya DNA na uiweke kwenye friza. Sehemu nyingine weka kwenye etanoli ya 70% kwa ajili ya kutazama maumbo. Ile ya 96% hukausha viungo vikawa vinakatika ukivigusa. Kupata ya 70%, chukua mililita 73 za etanoli ya 96% na ongeza maji yaliyotoneshwa hadi zitimie 100. Wanyama wasizidi theluthi moja ya chupa, na etanoli ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Formalini iepuke ukiweza: ni sumu kwako, huharibu DNA, na isipopunguzwa tindikali kwa boraksi hula madini ya gamba.

5. Lebo ndani ya chupa, kwa penseli. Mahali, majiranukta (latitudo na longitudo), tarehe, urefu kwenye pwani (juu, kati, chini), makazi, jina la aliyekusanya. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye etanoli. Lebo ya nje hubanduka. "Chwaka, sampuli ya 3" siyo lebo. Baada ya miaka miwili hata wewe hutaielewa.

6. Tenganisha dume, jike na watoto. Hapa ndipo spishi nyingi za uongo huzaliwa. Jike aliyekomaa ana vibamba vya kubebea mayai chini ya kifua, mara nyingi na mayai yenyewe. Dume ana vinundu viwili vidogo upande wa chini wa pingili ya saba ya kifua. Asiye na kimojawapo ni mtoto, muweke kando. Kwa amfipodi wengi, jozi ya pili ya miguu yenye magando, iitwayo nathopodi ya pili, ni kubwa na yenye umbo la pekee kwa dume aliyekomaa, ilhali kwa jike ni ndogo na ya kawaida. Mtu asiyejua hilo humfanya dume spishi moja na jike spishi nyingine. Panga vielelezo kwa ukubwa, kutoka mtoto hadi dume mkubwa kabisa, uone gando linavyobadilika kadiri mnyama anavyokua.

7. Fika hadi jenasi. Anza na familia. Mifano miwili ya pwani yetu: warukaji wa ufukweni, Talitridae, wana papasio za kwanza fupi kuliko za pili, na mandibula (taya) zao hazina palpi (kijimguu cha kupapasia). Waishio kwenye mwani wa familia Ampithoidae utawajua kwa uropodi (vijimiguu vya mkiani) ya tatu, ambayo tawi lake la nje ni fupi na lina miiba iliyopinda kama ndoana. Usiruke hatua hii kwa kuwa "anafanana na picha". Fuata ufunguo wa utambuzi swali kwa swali na uandike jibu la kila swali, ili mtu mwingine aweze kukukagua.

8. Linganisha na kila ndugu. Nenda polepole hapa kuliko popote.

Fungua World Register of Marine Species, toa orodha ya spishi zote halali za jenasi yako, na majina yaliyofutwa pia. Tafuta maelezo ya asili ya kila moja, yaani yale yaliyochapishwa spishi ilipopewa jina. Machapisho ya zamani mengi yako bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Yapo ya Kijerumani, ya Kifaransa na ya Kilatini, na huwezi kuyakwepa. Krasteshia waliokusanywa Zanzibar kwenye safari za Baron von der Decken walielezwa na Hilgendorf mwaka 1869 kwa Kijerumani. Cyril Crossland alikusanya Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na matokeo yakachapwa London. Amfipodi wa Madagaska wana juzuu mbili za Ledoyer za 1982 na 1986, kwa Kifaransa. Ni jirani zetu, anza nazo.

Tengeneza jedwali. Kila safu ni spishi, kila nguzo ni kiungo: idadi ya pingili za papasio, umbo la ukingo wa gando la dume, miiba ya uropodi, mpasuko wa telsoni (kipande cha mwisho cha mwili). Jaza kutoka maelezo ya asili, si kutoka muhtasari wa mtu mwingine. Nafasi ambayo mwandishi wa kale hakuisemea iache wazi. Usijaze kwa kukisia.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni jina la dunia nzima. *Elasmopus rapax* alielezwa na Costa mwaka 1853 kutoka Mediterania, na tangu hapo jina hilo limebandikwa kwa amfipodi wa bahari nyingi za joto. Orodha ikisema spishi fulani iko kila mahali, usiridhike. Huenda chini ya jina moja zimejificha kadhaa. Yalitokea kwa kaa wetu wa mikoko: kwa miaka mingi aliitwa *Neosarmatium meinerti*, hadi mwaka 2012 Ragionieri, Fratini na Schubart walipoonyesha kuwa jina hilo lilifunika spishi kadhaa, na wa Afrika Mashariki akawa *Neosarmatium africanum*.

Mtego wa pili ni mgeni. Mbegu za mwani unaolimwa Zanzibar zililetwa kutoka Ufilipino, na kinachoishi kwenye mwani kinaweza kusafiri nao. Ukipata amfipodi wa ajabu kwenye kamba za mwani, soma kwanza maandishi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Anaweza kuwa mpya kwako na mzee huko.

Ukibaki na ndugu wawili au watatu wa karibu, andikia makumbusho yenye vielelezo vyao vya asili, vile vilivyotumika kutoa jina, uombe picha za viungo unavyovihitaji. Uliza kwa namba ya kielelezo na kiungo mahususi. Wasimamizi wa makumbusho husaidia sana anayejua anachokitaka.

9. Chagua holotaipu, chora kabla ya kufumua. Holotaipu ni kielelezo kimoja kinachobeba jina milele. Kwa amfipodi chagua dume aliyekomaa na aliyekamilika viungo. Wengine wa spishi hiyohiyo kutoka sampuli zako watakuwa parataipu.

Mchore mzima kwa ubavu kabla hujamgusa kwa sindano. Ukishamfumua huwezi kurudi nyuma. Pima urefu kutoka ncha ya kichwa hadi mwisho wa telsoni ukifuata mgongo. Kisha mweke ndani ya tone la gliserini na utoe viungo vya upande mmoja tu, upande wa pili ubaki kwa watakaokuja: papasio mbili, nathopodi mbili, pereopodi (miguu ya kifua) ya tatu hadi ya saba, pleopodi (miguu ya kuogelea), uropodi tatu, telsoni. Sehemu za mdomo ziwe mwisho: mdomo wa juu, mandibula zote mbili (ya kushoto na ya kulia hazifanani), mdomo wa chini, maksila mbili (taya ndogo), maksilipedi (miguu ya mdomo). Ni bora kujifunzia kwanza kwa spishi ya kawaida, na sehemu za mdomo ukazitoa kwa parataipu hadi mkono utulie.

Kila kiungo kwenye slaidi yake, na lebo papohapo. Kiungo kisicho na lebo kwa dakika tano ni kiungo kilichopotea, kwa kuwa pereopodi ya sita na ya saba hufanana mno. Funga kingo za kioo kwa rangi ya kucha.

Chora kwa kamera lusida kwa penseli, kisha pitisha wino, au ingiza kwenye kompyuta upitishe mistari kwa Inkscape, ambayo ni ya bure. Ukiwa huna kamera lusida, piga picha kwa simu kwenye lenzi na uzifuatishe, lakini rudi kwenye hadubini uhesabu vinyweleo ukisogeza fokasi juu na chini. Picha huonyesha tabaka moja tu. Kila mchoro uwe na mstari wa kipimo uliotolewa kwenye slaidi ya kipimio. "Mara 40" haisemi kitu mchoro ukishapunguzwa ukurasani.

10. DNA, kama unaweza. Siyo sharti la kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, lakini inasaidia. Chukua mguu mmoja wa upande uliokwisha kuchorwa, au parataipu. Usisage mnyama mzima ukabaki bila ushahidi. Kipande kinachotumika zaidi ni cha jeni ya COI, chenye herufi 658. Asilimia ya tofauti peke yake haitangazi spishi. Iwekwe sambamba na viungo. Mfuatano uwekwe GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, ukiwa na namba ya kielelezo.

11. Jina. Liandikwe kwa herufi za Kilatini na lisiwe limetumika tayari kwenye jenasi hiyo. Likiwa sifa ya Kilatini, lifuate jinsia ya jenasi: *Ampithoe* ni ya kike, basi ni *rubricata*, siyo *rubricatus*. Kwa kumheshimu mtu, mwanamume hupata *-i*, mwanamke *-ae*. Neno la Kiswahili linakubalika kabisa, na ukieleza kuwa ni nomino halitabadilika hata spishi ikihamishwa jenasi. Nyani wa Rungwe aliitwa *Lophocebus kipunji* mwaka 2005, akahamishiwa *Rungwecebus* mwaka uliofuata, na *kipunji* imebaki vilevile. Usijiite mwenyewe. Na usilitaje jina kwenye bango la mkutano, mtandaoni au kwenye tasnifu kabla ya kuchapishwa. Katika tasnifu mwite *Ampithoe* sp. 1.

12. Andika. Mpangilio umezoeleka: vielelezo vilivyotazamwa, mahali pa asili, diagnosisi, maelezo ya kina, tofauti za dume na jike, asili ya jina, makazi, mjadala. Diagnosisi ndiyo roho. Iwe mistari michache inayotaja kwa maneno sifa zinazomtenga na ndugu zake. Picha pekee haitoshi. Maelezo ya kina huandikwa kwa mkato, bila vitenzi: "Nathopodi ya pili: kiganja kipana, ukingo wenye meno mawili." Mjadala uwataje ndugu kwa majina na useme wazi wanatofautiana wapi.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinazotumika tangu 1 Januari 2000 zinadai mambo manne: useme wazi kuwa ni mpya (*sp. nov.*), utoe sifa zinazomtofautisha, utaje kwa uwazi kielelezo kinachobeba jina (holotaipu), na useme vitahifadhiwa wapi. Likikosekana moja, jina halina nguvu, hata kama mnyama ni mpya kweli.

13. Hifadhi vielelezo nyumbani. Vielelezo vyetu vingi vya kale viko Berlin na London, na mwanafunzi wa Tanga hulazimika kuomba picha za mnyama wa Tanga. Msimamo wangu ni kwamba holotaipu ibaki Afrika Mashariki, Makumbusho ya Taifa Nairobi au mkusanyo wa chuo kikuu wenye msimamizi, daftari la namba na bajeti ya kujaza etanoli. Kagua kwa macho yako kabla ya kuamua; kwa joto la pwani chupa isiyobana hukauka. Kichupa kidogo ndani ya chupa kubwa iliyojaa ni kinga nzuri. Parataipu zigawe, baadhi ziende makumbusho ya nje, ili ajali moja isimalize zote.

14. Chapisha. Majarida kama Zootaxa na ZooKeys hupokea kazi hizi. Uliza gharama mapema. Kwa kazi inayotoka kwa njia ya kielektroniki, usajili wa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, lazima ufanyike kabla ya kuchapishwa na ushahidi wake uonekane ndani ya makala. Uchapishaji wa kielektroniki umeruhusiwa tangu 2012, na wengi bado husahau usajili huo.

Ukikwama

*Una kielelezo kimoja tu.* Kanuni zinaruhusu, lakini rudi pwani, mwani uleule, bamvua lijalo. Kimoja hakikuonyeshi tofauti za umri wala jinsia.

*Una majike tu.* Subiri, au eleza kama tofauti ziko kwenye viungo visivyotegemea jinsia. Familia ambazo spishi hutambuliwa kwa gando la dume, usithubutu.

*Papasio na uropodi ya tatu zimekatika.* Huwa ndizo za kwanza kukatika. Andika "hazipo", na zichore kutoka parataipu ukisema hivyo.

*Vielelezo vimekauka.* Loweka kwenye trisodiamu fosfeti hafifu hadi vilainike, suuza, panda taratibu hadi etanoli ya 70%. Maumbo hurudi kwa kiasi.

*DNA haitoki.* Uliza kwanza viliwahi kuguswa na formalini au kukaa kwenye spiriti hafifu. Kama sivyo, tumia vianzio vya kunakilia DNA (primers) vilivyotengenezwa kwa amfipodi, kwani vya kawaida vya COI hukataa mara nyingi.

*Maelezo ya asili ni mistari mitatu bila mchoro.* Omba picha ya holotaipu. Kama ilipotea, tafuta vielelezo kutoka mahali palepale pa asili. Bila kimojawapo huwezi kudai tofauti.

*Mhakiki anasema ni mtoto wa spishi ya zamani.* Mwonyeshe jike mwenye mayai na dume mwenye vinundu, wenye ukubwa uliotaja. Huna? Basi hoja yake ina uzito.

*Mwingine amechapisha jina kabla yako.* Jina la kwanza ndilo linalosimama. Badili makala: iwe rekodi mpya ya pwani yetu, yenye michoro ya jinsia aliyoikosa, makazi na DNA. Jedwali lako la hatua ya nane halijapotea; lichapishe kama ufunguo wa jenasi hiyo kwa bahari ya Hindi ya magharibi, maana anayefuata ataanzia hapo.